Bafu la nyumba ya kontena

Bafu la nyumba ya kontena ni chumba cha kuogea kilichojengwa ndani ya kontena la mizigo lililogeuzwa kuwa makazi. Tofauti yake kubwa na bafu la nyumba ya matofali ni kwamba kuta zake ni za chuma na hazipitishi hewa. Mvuke wa maji ya kuogea hubaki ndani usipotengenezewa njia ya kutoka.

Kontena lenyewe

Usafirishaji wa kisasa kwa makontena ulianza mwaka 1956, meli Ideal X ya Mmarekani Malcom McLean iliposafiri kutoka Newark hadi Houston. Kontena la futi 20 lina urefu wa mita 6.06, upana wa mita 2.44 na kimo cha mita 2.59 kwa nje. Nchini Tanzania makontena yaliyotumika huonekana zaidi kama maduka, maghala na ofisi. Kontena likinunuliwa Dar es Salaam au Mtwara, husafirishwa kwa lori kupitia Songea hadi Mbinga, na kutoka hapo hadi Mbamba Bay, makao makuu ya wilaya ya Nyasa iliyotengwa na Mbinga mwaka 2012.

Tatizo la unyevu

Bafu la uani lililozungushiwa nyasi au matofali bila paa halina shida ya hewa. Kontena, kinyume chake, liliundwa ili maji ya bahari na mvua yasiingie kwenye mizigo. Kwa sababu hiyohiyo huzuia unyevu wa ndani usitoke.

Hewa yenye joto hubeba mvuke mwingi kuliko hewa baridi. Mita moja ya ujazo ya hewa yenye nyuzi 25 za Selsiasi inaweza kubeba takriban gramu 23 za mvuke. Ikipoa hadi nyuzi 15 hubeba gramu 13 hivi. Mvuke unaozidi hugeuka matone kwenye chuma. Matone hayo huleta kutu, kuvu na harufu.

Katika milima ya Umatengo, ambako usiku wa Juni hadi Agosti ni wa baridi, matone hujikusanya haraka baada ya mtu kuoga maji ya moto. Kwa hiyo kuta na dari huwekewa kwanza vifaa vya kuzuia joto kupita. Pwani ya Ziwa Nyasa iko chini zaidi, takriban mita 475 juu ya usawa wa bahari. Huko tatizo kubwa ni chuma kupata joto kali la jua, hivyo paa la pili la mabati lililoinuliwa juu ya kontena husaidia kulitia kivuli.

Njia za hewa

Bafu huhitaji matundu mawili: la chini la kuingiza hewa na la juu la kuitoa. Tundu moja pekee halitoshi, kwa kuwa hewa haitoki vizuri pasipo nyingine kuingia. La chini linaweza kuwa nafasi chini ya mlango. La juu linaweza kuwa dirisha dogo karibu na dari, au bomba la plastiki linalopita paani, lenye kofia ya kuzuia mvua na wavu wa kuzuia wadudu. Upepo unaopita juu ya bomba huvuta hewa ya ndani, kama ilivyo kwenye choo cha shimo chenye bomba la hewa. Penye umeme, feni ya kutoa hewa huachwa ikizunguka kwa muda baada ya kuoga.

Kila tundu linalokatwa huwekewa fremu ya chuma, kwani ukuta wenye mikunjo husaidia kuimarisha kontena. Kingo zilizokatwa hupakwa rangi ya kuzuia kutu.

Sakafu na maji machafu

Sakafu ya mbao ya makontena mengi ilitiwa dawa ya kuua wadudu, hivyo sehemu ya bafu huondolewa mbao au hufunikwa kabisa. Sakafu mpya huinamishwa kuelekea tundu la maji. Chini yake huwekwa bomba lenye kona inayobaki na maji ili kuzuia harufu.

Maji hupelekwa kwenye shimo la kufyonza, si ziwani. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu zinazoweza kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka ufukwe wa ziwa au kingo za mto.

Usalama

Jiko la mkaa halifai kamwe kuwashwa ndani ya bafu la namna hii, hata wakati wa baridi. Hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu inayoweza kuua. Hita ya maji ya gesi hufungwa nje. Kwa kuwa kontena lote ni chuma, waya mmoja uliochubuka unaweza kupitisha umeme kwenye ukuta mzima. Fundi umeme huliunganisha na waya wa ardhini na kuweka swichi inayojikata yenyewe umeme unapovuja.