Makala Iliyokosa Wasomaji: Stephen Wiesner na Chimbuko la Nadharia ya Taarifa ya Kwanta

Historia ya nadharia ya taarifa ya kwanta aghalabu husimuliwa kuanzia mwaka 1994, Peter Shor alipobainisha kwamba kompyuta ya kwanta ingeweza kupata vigawo vya namba kubwa kwa kasi isiyofikiwa na mbinu yoyote inayojulikana ya kompyuta za kawaida. Masimulizi hayo huifunika makala ya awali zaidi, ambayo kuchelewa kwake kulitokana na lugha kuliko hoja.

Mwishoni mwa miaka ya 1960, Stephen Wiesner, mwanafunzi wa fizikia katika Chuo Kikuu cha Columbia, Marekani, alibuni noti ya benki isiyoweza kughushiwa. Noti ingebeba namba ya utambulisho pamoja na fotoni kadhaa, kila moja ikiwa imeelekezwa kwa siri: wima, mlalo, au mojawapo ya mishazari miwili. Benki, inayoijua siri, ingeihakiki noti bila kuidhuru. Mghushi, asiyejua apime kwa jozi ipi, angeharibu kilekile anachotaka kukinakili. Makala hiyo ilionesha pia namna ya kutuma jumbe mbili ambazo mpokeaji angeweza kusoma mmoja tu.

Jarida lililopelekewa liliikataa. Ilichapishwa mwaka 1983, katika jarida la watafiti wa nadharia ya kompyuta. Iliuliza swali la usimbaji fiche kwa istilahi za fizikia, hivyo kila fani iliiona ngeni. Wakati huohuo, wataalamu wa usimbaji fiche walikuwa wamelibuni upya wazo la jumbe mbili bila kumtegemea Wiesner.

Aliyeivusha mpaka ni Charles Bennett, rafiki wa Wiesner tangu masomoni. Mwaka 1979, huko Puerto Rico, alimsimulia Gilles Brassard, mwanasayansi wa kompyuta. Noti ilidai fotoni zihifadhiwe kwa muda mrefu, jambo gumu mno. Wao wakazifanya zisafiri. Mwaka 1984, mjini Bangalore, India, waliwasilisha njia ya kugawana ufunguo wa siri ambayo mdukizi hawezi kuiingilia bila kuacha dalili.

Neno kyubiti lilichapishwa na Benjamin Schumacher mwaka 1995, baada ya kuzuka katika mazungumzo yake na William Wootters. Dhana ilikuwa imeishi robo karne bila jina hilo. Kilichokosekana muda mwingi wa kipindi hicho ni jumuiya ya wasomaji, nayo huundwa pale istilahi moja inapoeleweka pande zote mbili.