Kipepeo Mfalme na Gugu Lake

Tarehe 2 Januari 1975, katika milima ya Michoacán nchini Meksiko, Ken Brugger na Catalina Aguado walifika mahali ambapo matawi ya miti yaliinama kwa uzito wa vipepeo. Walikuwa wakimsaidia Fred Urquhart, mtaalamu wa Kanada, ambaye kwa miaka mingi alibandika vipande vya karatasi katika mbawa za kipepeo aitwaye mfalme, apate kujua anakokwenda wakati wa baridi. Mwaka 1976 ulimwengu ukaarifiwa kwamba siri imefumbuliwa.

Walakini kwa wenyeji haikuwa siri. Kila mwaka waliwaona vipepeo wakiwasili karibu na siku za kuwakumbuka wafu, mwanzoni mwa Novemba, na wengi waliamini kuwa ni roho za wazee zinazorudi nyumbani.

Vipepeo hao husafiri hata kilomita 4,000, nao wanaorudi mwaka ufuatao ni vitukuu vya wale waliotangulia. Hawahesabiki mmoja mmoja, kwa hiyo hupimwa kwa ukubwa wa msitu wanaoujaza. Katika majira ya baridi ya 1996-97 walijaza hektari 18. Katika 2013-14 hawakufika hata hektari moja.

Serikali ya Meksiko iliihifadhi misitu hiyo kwa amri za 1986 na 2000, ingawa ukataji wa miti haukukoma mara moja; na dhoruba ya Januari 2002 iliua mamilioni ya vipepeo. Lakini sababu mojawapo kubwa ilikuwa mbali na milima ile. Kiwavi wa mfalme hula aina moja tu ya mimea, gugu lenye utomvu mweupe kama maziwa, ambalo lilimea kwa wingi katikati ya mahindi na soya ya Marekani. Tangu 1996 ilipandwa soya isiyodhuriwa na dawa ya glifosati: mkulima akanyunyiza shamba zima, soya ikasalimika, gugu likafa.

Desemba 2024 serikali ya Marekani ilipendekeza mfalme awekwe katika orodha ya viumbe walio hatarini. Basi watu wa kaskazini walitafuta makao yake ya mbali kwa miongo mingi, na walipokwisha kuyapata, wakaling'oa lile lililokuwa mlangoni pao. Mwenye shamba ndiye aliyeliita gugu. Kwa kiwavi lilikuwa ndicho chakula pekee.