Albamu iliyolipiwa kabla ya kurekodiwa

Mwaka 2000, bendi ya roki ya Marillion kutoka Aylesbury, Uingereza, iliwaandikia barua pepe mashabiki wake wapatao 6,000. Swali lilikuwa moja: mko tayari kulipia albamu ambayo bado hatujairekodi? Majibu yalimiminika, na wengi wakakubali. Albamu hiyo, Anoraknophobia, ilipotoka Mei 2001, zaidi ya watu 12,000 walikuwa wamekwisha kuilipia.

Leo kuchangisha fedha mtandaoni ni jambo la kawaida. Wakati ule tovuti ya uchangishaji Kickstarter, iliyoanzishwa 2009, haikuwa hata ndoto. Imani ya mashabiki hao ilikuwa na historia yake.

Marillion walikuwa wameonja umaarufu. Mwaka 1985 albamu yao Misplaced Childhood ilishika namba moja Uingereza, na wimbo Kayleigh ukafika namba mbili. Mwimbaji wao, Fish, aliondoka 1988, nafasi yake ikachukuliwa na Steve Hogarth. Mauzo yakashuka, na kufikia 1995 safari yao na kampuni ya EMI ilikuwa imefika mwisho. Wakahamia kampuni ndogo, yenye fedha kidogo.

Mwaka 1997, mpiga kinanda Mark Kelly aliwaeleza mashabiki wa Marekani, waliokuwa wakiandikiana kwa barua pepe, kwamba bendi isingeweza kwenda kwao: ziara hiyo ingewatia hasara ya takriban dola 60,000. Mashabiki hawakuishia kusikitika. Walifungua akaunti wenyewe, wakachanga hadi fedha zikatimia. Bendi haikuwa na mkono katika ukusanyaji huo. Ziara ikafanyika, na Marillion wakajua wana watu wa kuwategemea.

Uzito wa kulipiwa albamu mapema na mashabiki uko kwenye hesabu. Kwa desturi, kampuni ya muziki humtangulizia msanii fedha za kurekodi, kisha huzikata kwenye mapato yake, na rekodi hubaki mali ya kampuni. Msanii anaweza kumaliza deni lote na bado asimiliki sauti yake mwenyewe. Kwa Anoraknophobia, iliyotayarishwa na Dave Meegan, fedha zilitoka kwa wasikilizaji, na haki za kazi zikabaki kwa bendi. EMI walirudi, safari hii kama wasambazaji tu. Waliolipa mapema walipata toleo maalumu lenye kijitabu, na humo majina yao yalichapwa moja moja, kama daftari la michango ya harusi linavyomtaja kila aliyetoa.

Mwaka 2004 walirudia njia hiyo kwa albamu Marbles. Safari hii fedha za mashabiki zilisaidia pia kuitangaza, na wimbo You're Gone ukafika namba 7 Uingereza.

Wengine walifuata. Mwaka 2012 mwanamuziki Mmarekani Amanda Palmer aliomba dola 100,000 kupitia Kickstarter kwa ajili ya albamu Theatre Is Evil. Watu 24,883 walimpa karibu dola milioni 1.2. Lakini wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mwaka 2019 PledgeMusic, kampuni iliyokuwa ikiwakusanyia wasanii michango, ilianguka, na wasanii wengi wakabaki wakidai fedha ambazo mashabiki walikuwa wamekwisha kuzitoa.

Anguko hilo linaonyesha thamani ya walichokifanya Marillion. Waliomba wenyewe, kwa watu waliowafahamu, kisha wakawapelekea albamu waliyoilipia. Mwaka 2022 albamu yao An Hour Before It's Dark ilishika namba mbili Uingereza, miaka 37 baada ya Kayleigh. Msanii chipukizi anayetaka kuchangisha leo na aanze walipoanzia wao: awajue wasikilizaji wake, awaambie ukweli kuhusu fedha, na atimize ahadi ya kwanza kabla ya kuomba mara ya pili.