Kiembeni, Januari 1947

Kabla ya makontena, shehena ya bandari ya Kilindini, Mombasa, ilipita mabegani mwa watu. Winchi ziliinua, lakini gunia la kahawa ya Uganda halikujipanga lenyewe ghalani. Kuli aliajiriwa asubuhi, akalipwa jioni, na kesho yake hakuwa mtu wa kampuni yoyote. Kwa Mmijikenda mwenye shamba huko Rabai au Ribe, utaratibu huo ulikuwa na nafuu yake: mgongo ukichoka anarudi kupalilia mahindi, akipungukiwa anateremka tena bandarini. Wazungu walimwita mvivu. Mimi naona alijua thamani ya mgongo wake kuliko wao.

Mwaka 1934 kampuni za kupakua meli zilipunguza ujira wa siku kutoka shilingi 2 hadi 1.50, makuli wakagoma. Mwaka 1939 mgomo ulianzia kwa vibarua wa Idara ya Ujenzi ya serikali, ukashuka hadi bandarini, na safari hii kilio kikuu kilikuwa kodi ya nyumba. Mtu halali vizuri mtaani Majengo akiwa amebanana na wenzake chumba kimoja, kisha alfajiri akabebe magunia. Tume ya Willan, iliyoundwa baada ya mgomo huo, ilikuta malalamiko ya makazi yana msingi.

Vita vikaja, bei zikapanda, mishahara ikabaki nyuma. Tarehe 13 Januari 1947 Mombasa ikasimama: makuli, watu wa reli, wahudumu wa mahoteli, hata maboi wa majumbani, takriban watu 15,000, kwa siku kumi na mbili. Walikutana kila siku kwenye uwanja wa mpira wa Majengo, wakauita Kiembeni. Hapo Mluo wa reli, karani Mkikuyu, Mkamba na Mswahili walisikiliza hotuba moja, na jambo hilo ndilo lililoitisha serikali kuliko madai ya shilingi. Hapo pia ndipo lilipozaliwa shirikisho la wafanyakazi Waafrika, African Workers' Federation, likaongozwa na Chege Kibachia, kijana wa Kiambu aliyesoma shule ya Alliance. Eliud Mathu, Mwafrika wa kwanza katika Baraza la Kutunga Sheria, alikuja kuwasihi warudi kazini kwa ahadi ya baraza la usuluhishi. Baraza hilo, chini ya Jaji Thacker, liliongeza mishahara. Agosti Kibachia alikamatwa, akazuiliwa Baringo kwa miaka kadhaa.

Mgomo mwingine wa makuli ulizuka Machi 1955, na Tom Mboya, kiongozi wa vyama vya wafanyakazi, akaja kusaidia kupata suluhu. Chama cha wafanyakazi wa bandari kikapata nguvu ya kukaa meza moja na waajiri. Lakini kufikia wakati huo serikali na waajiri walikuwa wamekwishaamua kwamba kibarua huru ndiye chanzo cha fujo: makuli wakaandikishwa, idadi ikapunguzwa, na asiyefika kazini siku za kutosha akafutwa daftarini. Wengi wa waliofutwa walikuwa wale waliokuwa wakirudi kulima.