Bei ya mayai Moshono

Moshono ni kata ya Jiji la Arusha, kaskazini mwa Tanzania, karibu na Mlima Meru. Kama kwingineko nchini, bei ya trei ya mayai 30 hubadilika hasa kufuatana na hali ya kuku na bei ya chakula chao.

Huko Ulaya kuku hupunguza kutaga wakati wa baridi kwa sababu mchana huwa mfupi. Arusha iko karibu na ikweta: tofauti kati ya mchana mrefu kabisa na mfupi kabisa haifiki nusu saa, hivyo mwanga si sababu kubwa.

Kuku wa kisasa wa mayai huanza kutaga akiwa na wiki 18 hadi 20, hufikia kilele karibu na wiki ya 30, halafu hupungua polepole. Anapobadili manyoya huacha kutaga, lakini huendelea kula. Kuku wa kienyeji huacha ili aatamie kwa siku 21, kisha alee vifaranga. Mahindi na mashudu ya alizeti yakipanda bei kabla ya mavuno, gharama ya yai hupanda pia.

Mfugaji anayenunua vifaranga wote kwa mara moja hupungukiwa mayai kwa wakati mmoja. Anayenunua kwa awamu huweza kuuza mwaka mzima.