Kimyanga na binamu yake wa kunde

Leo tuweke kodi pembeni kidogo. Nataka kuzungumzia ganda la kirusi cha mpunga, RYMV. Ugonjwa wake wakulima wa Tanzania huuita kimyanga: majani yanakuwa manjano, mmea unadumaa, punje zinabaki kapi. Na msidhani umetoka mbali. Mara ya kwanza kuonekana ilikuwa hapa kwetu Kenya, karibu na Kisumu, mwaka 1966. W. Bakker aliuandikia rasmi mwaka 1970.

Ganda lenyewe ni protini moja tu iliyorudiwa mara 180. Hapo ndipo mtu wa programu anaanza kusikiliza. Umbo lina pande ishirini, kwa hiyo protini hiyohiyo inajikuta katika nafasi tatu tofauti, A, B na C. Sehemu nyingine kiungo kinatakiwa kupinda, nyingine kilale bapa. Protini inajuaje? Ina mkono mwembamba mwanzoni mwake. Katika nafasi ya C mkono huo unatulia mahali pake na kiungo kinalala bapa. Kwingine mkono unabaki huru, kiungo kinapinda. Ni "kama... basi..." iliyoandikwa bila kompyuta!

Mpangilio huu ulikuwa umeshaonekana kwa ndugu yake. Mwaka 1980 kikundi cha Michael Rossmann, Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, kilichapisha umbo la kirusi cha maharagwe, aina inayoshambulia kunde, kwa kupiga fuwele zake eksirei. Mmoja wa kikundi hicho alikuwa John Johnson. Miaka ishirini baadaye, mwaka 2000, Johnson na wenzake wa Scripps, California, wakatoa umbo la kirusi cha mpunga, kwa usahihi wa angstromu 2.8.

Wakayalinganisha maganda mawili. Nakala 180 huku, 180 kule, protini zimekunjwa kwa namna moja. Ukitazama haraka utasema ni faili moja. Lakini mikono ya C haikukaa sawa. Kwenye kunde kila mkono uko upande wake. Kwenye mpunga, protini mbili zinazotazamana zimebadilishana mikono: wa huyu umekaa penye nafasi ya yule. Viungo vyenyewe karibu havikubadilika, ila sasa kila protini imeshikana na za mbali, na ganda lote limefungamana kama ukili. Vipimo vya maabara viliunga mkono kwamba kubadilishana huko kunaliongezea ganda uimara.

Kwangu mimi hiyo si habari ya maabara tu. Kirusi hiki huenezwa na mbawakawa wanaokula majani, na pia kwa kugusana tu, mikono na mundu vikiwemo. Ganda gumu ni mali kwa msafiri wa aina hiyo.

Dawa ya kunyunyiza inayokiua ndani ya mmea haipo. Kinga ya mpunga uitwao Gigante wa Msumbiji inatokana na jeni ya mpunga wenyewe, iliyotambuliwa mwaka 2006, na kirusi huikwepa kwa kubadilisha protini nyingine kabisa. Ganda hakuligusa.