Waliopita Wagenia Pamoja na Watoto Wao

Katika familia kadhaa za mji wetu wa Kisangani neno "safari" limeanza kupata maana mpya. Wazee wetu waliposema safari, walifikiri mtumbwi wa kwenda Isangi au njia ya Bafwasende kwenda kumzika ndugu. Leo baba na mama huketi na watoto wao wakataja Kampala, Nairobi na Dar es Salaam: miji mitatu katika safari moja, na pengine hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuvuka mpaka. Tangu nchi yetu ilipoingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, miji hiyo imekuwa ya jirani wa karibu zaidi, na ndoto hiyo si ya matajiri peke yao.

Katika vikao vya namna hiyo, mambo yanayotajwa kwanza ni fedha na tarehe. Ni mambo ya lazima. Lakini historia ya mahali petu inatuonya kwamba safari ya familia inaweza kuwa na fedha na tarehe, nayo ikakosa kitu kikubwa zaidi. Kwa sababu hiyo nawaalika tutazame msafara mmoja uliopita kwenye maporomoko ya Wagenia mwezi wa Januari 1877, ukiwa na akina mama na watoto ndani yake.

Jina la mkuu wa msafara ule mnalijua: Henry Morton Stanley. Mji wetu ulibeba jina lake hadi mwaka 1966. Tumezoea kusimuliwa kana kwamba alipita peke yake. Sivyo. Alipotoka Bagamoyo tarehe 17 Novemba 1874, aliongoza watu 356 kwa hesabu yake mwenyewe, wengi wao wakiwa Waungwana wa Unguja na wapagazi wa pwani. Nyuma ya wabeba mizigo walitembea wanawake 36, na pamoja nao wavulana 10 waliofuatana na mama zao wakibeba vyombo vidogo vya nyumbani. Kwa hiyo, mbali na kuwa msafara wa mpelelezi, ilikuwa pia safari ya kwanza ya familia kadhaa kwenda nchi wasizozijua.

Tukiutazama mpango wake kwa makini, hatuwezi kusema haukuwapo. Kulikuwa na vitambaa, shanga na waya wa kununulia chakula njiani. Kulikuwa na mashua iitwayo Lady Alice, iliyotengenezwa kwa vipande ili ibebwe mabegani na kuunganishwa tena majini. Kulikuwa na mikataba, na sehemu ya ujira ilitolewa kabla ya kuondoka. Hata leo kuna familia zinazofunga safari bila kujitayarisha kiasi hicho.

Kasoro ilikuwa mahali pengine. Mpango huo ulikaa katika kichwa cha mtu mmoja. Msafara ulipokaribia Nyangwe, kwenye ukingo wa Lualaba, mwezi wa Oktoba 1876, ilibidi kuchagua: kufuata mto kuelekea kaskazini, au kugeukia kusini kwenda Katanga. Stanley mwenyewe amesimulia kwamba yeye na mwenzake Frank Pocock walirusha sarafu usiku ili iwaamulie. Sarafu ikachagua kusini, tena na tena. Lakini Stanley akashika njia ya mto hata hivyo. Wakati Wazungu wawili wakirusha sarafu, akina mama waliokuwa na watoto walikuwa wamelala nje. Hawakuulizwa. Asubuhi ilipofika, walielezwa upande wa kwenda.

Hawakujua mto unaishia wapi, na mkuu wao pia hakujua kwa hakika. Ili kuwatia moyo, alipatana na Tippu Tip, mfanyabiashara mkubwa wa pembe na watumwa, awasindikize kwa vituo sitini kwa malipo ya maelfu ya dola. Msitu, maradhi na vita vilimchosha Tippu Tip kabla ya vituo hivyo kutimia, akarudi nyuma mwishoni mwa Desemba 1876. Watu 149, wanaume, wanawake na watoto, wakaingia mitumbwini na kuteremka na mto.

Baada ya siku chache waliyakuta maporomoko saba yaliyo kati ya Ubundu na mji wetu. Kwa muda wa majuma matatu walikata njia msituni, wakaburuta mitumbwi mizito juu ya nchi kavu, wakairudisha majini, kisha wakaanza tena kwenye poromoko lililofuata. Tarehe 28 Januari 1877 walivuka la saba, yaani hili letu. Ugumu wa mahali hapa haukuwa wa kubuni: miaka karibu thelathini baadaye, mwaka 1906, wakoloni walilazimika kufungua reli ya kilomita 125 kati ya Stanleyville na Ponthierville, ambayo sasa ni Ubundu, ili kuyakwepa maporomoko hayohayo.

Hapa kuna jambo ambalo kila kijana wa Wagenia anapaswa kulijua. Stanley aliona kazi ya wazee wenu na kuiandika: magogo yaliyosimikwa kati ya miamba, kamba imara za msituni, na vikapu vikubwa vilivyotegwa penye maji makali. Alikadiria vikapu sitini au sabini kila upande wa mto. Kisha anaeleza, bila kuona haya, kwamba watu wake waliinua vikapu kama sita hivi, wakapata samaki wakubwa 28. Vikapu hivyo vilikuwa na wenyewe. Msafara uliofika bila kupiga hodi uliishia kuvua katika mitego ya watu wengine. Wenye mto waliwapokea kwa mikuki na ngoma za vita, na bunduki zikawajibu. Katika mpango uliobeba mashua kwa vipande kutoka ng'ambo ya bahari, hapakuwa na nafasi ya kuuliza: tunapita kwa nani, na tutamwambia nini?

Tusisahau pia kilichofuata. Safari ile ilimfungulia njia Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji, ambaye mwaka 1885 alitambuliwa kuwa mwenye nchi hii yote. Hatuwezi kuwatwisha lawama hiyo wanawake na watoto waliokuwa mitumbwini. Lakini safari ya mtu haimalizikii kwake; huacha njia nyuma yake, na wengine huitumia.

Njaa iliwangoja mbele, katika maporomoko ya chini, kabla ya bahari. Frank Pocock alizama huko tarehe 3 Juni 1877. Shanga zilikuwa zimebaki chache, na shanga ndizo zilizokuwa chakula chao. Hapo Uledi, nahodha wa mashua, mtu aliyekuwa ameokoa wengi wasizame, alipatikana ameiba shanga za wote. Baraza la wenzake likaamua apigwe. Ndugu yake Shumari na jamaa yake Saywa wakasimama, wakaomba wagawane adhabu hiyo pamoja naye. Stanley akawasamehe wote watatu. Kila familia inayobeba mfuko mmoja wa fedha katika nchi ya ugeni iikumbuke habari hii. Mfuko ukipungua, hata mwema wa jana hujaribiwa. Na hapo ndipo ndugu hujulikana.

Mwanzoni mwa Agosti hawakuweza tena kuendelea. Tarehe 4 Agosti 1877, kutoka Nsanda, Stanley aliandika barua kwa mtu yeyote aliyeko Boma anayejua Kiingereza, akieleza kwamba amefika na watu 115, wanaume, wanawake na watoto, nao wako karibu kufa kwa njaa. Miongoni mwa waliojitolea kuipeleka alikuwemo Uledi, yule aliyesamehewa. Alikuwemo pia kijana Robert Feruzi, aliyesomeshwa katika shule ya wamisionari huko Unguja na aliyeweza kusema Kiingereza. Walifika, wakaeleweka, na siku mbili baada ya barua kuandikwa chakula kikaja: mchele, viazi, samaki. Tarehe 9 Agosti msafara uliingia Boma, karibu siku elfu moja tangu ulipotoka Unguja.

Baada ya hapo ikaja sehemu ya safari inayofanana zaidi na ile mnayoiota. Kutoka Boma walikwenda Kabinda, kisha Luanda, kisha kwa meli ya jeshi la majini la Kiingereza hadi Cape Town, ambako walipandishwa garimoshi na kushangaa mwendo wake. Wakapitia Natal, na tarehe 26 Novemba 1877 wakaiona tena Unguja. Miji mingi, bahari mbili, na watoto walioona mambo ambayo babu zao hawakuyaota. Hata hivyo baadhi yao walikufa katika miezi hiyo ya mwisho, wakati chakula kilipokuwa tele. Uchovu wa safari hulipwa baadaye.

Jambo moja linapaswa kuandikwa kwa haki upande wa Stanley. Angeweza kupanda meli ya kwenda Ulaya na kuwaacha wenzake pwani ya magharibi, upande wa pili wa bara. Hakufanya hivyo. Aliwarudisha hadi mlangoni pao, akawalipa, na jamaa za waliokufa wakapokea ujira wa marehemu wao. Mpango ambao haukuwashirikisha watu mwanzoni uliwakumbuka mwishoni. Lakini wapo ambao hawakuwepo tena kukumbukwa.

Sasa turudi kwenye meza ya familia. Ninyi vijana ndio mara nyingi mnaosoma fomu, mnaojua lugha ya huko mwendako na mnaotafuta nauli iliyo nafuu. Mko mahali pa Robert Feruzi. Basi, saidieni mpango wa nyumba yenu uwe wa watu wote wa nyumba.

Kwanza, kila atakayesafiri ajue njia na asikilizwe, hata bibi, hata mtoto wa miaka saba. Anayejua kwamba kesho ni saa kumi na mbili za basi hujiandaa. Asiyejua hulalamika, na mara nyingine huanguka. Miji mitatu ikiwa mizito kwa mmoja, miwili inatosha. Mwendo wa familia ni mwendo wa aliye dhaifu kuliko wote.

Pili, karatasi za kila mtu zikaguliwe mapema: pasipoti ya kila mtoto, kadi ya chanjo ya homa ya manjano, na, mtoto akisafiri na mzazi mmoja au na shangazi, barua ya ruhusa ya wazazi iliyothibitishwa na serikali. Mlango wa nchi ya watu hupigwa hodi kwa karatasi hizo. Kisha katika kila mji awepo mtu anayejua kwamba mnakuja: ndugu, parokia, au mwenye nyumba ya wageni aliyejibu ujumbe wenu.

Tatu, fedha ya kurudi iwekwe kando kabla ya fedha ya kwenda, na isiguswe. Iliyobaki ihesabiwe mbele ya wote, ili asiwepo Uledi anayeteseka kimya kwa njaa wala mzazi anayeteseka kimya kwa deni.

Vijana wapenzi, ukisimama Wagenia leo utaona magogo bado yamesimama penye maji makali, na wavuvi wakipanda juu yake kwa zamu. Mvuvi hasimiki gogo peke yake, wala hatupi kikapu asikojua atakivutaje. Wazee wetu walikuwa na elimu ya kupanga iliyo bora kuliko ile iliyowapita majini siku ile ya Januari. Familia ikipanga kwa namna hiyo, pamoja na kwa kufikiria kurudi, inaweza kuvuka mpaka wowote bila hofu.

Maswali ya kujadili katika kikundi:

1. Katika nyumba zetu, ni nani asiyeulizwa safari au uhamisho unapopangwa? Kwa nini?

2. Shumari na Saywa waliomba kugawana adhabu ya ndugu yao. Je, tungefanya nini mahali pao?

3. Wageni wanaofika Wagenia leo wanapigaje hodi, na sisi tukienda kwa wengine tunapigaje?